Tone la damu na mkondo wa umeme katika vita dhidi ya saratani

WAGONJWA wengi wa saratani nchini hufika hospitalini wakati maradhi yamekwisha kusambaa mwilini, hali ambayo huyafanya matibabu kuwa magumu na gharama yake kuwa mzigo usiobebeka kwa familia.

Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yanaonyesha kuwa mwaka wa 2022 watu zaidi ya 44,000 walipatwa na saratani nchini Kenya, na zaidi ya 29,000 walifariki kutokana nayo. Ulimwenguni kote, mwaka huo huo, waliopatwa walikuwa takriban milioni 20.

Sababu za kuchelewa ni nyingi, lakini mojawapo ni ugumu wa uchunguzi wenyewe. Ili saratani ithibitishwe, daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe, kikahifadhiwa kwa dawa, kikakatwa vipande vyembamba mno, kikatiwa rangi, kisha mwanapatholojia akakichunguza kwa hadubini. Wataalamu hao ni wachache, na wengi wao wanapatikana katika miji mikubwa. Mgonjwa anayeishi mbali hana budi kusafiri, kulipa na kungoja.

Ni kwa ajili hiyo wanasayansi katika mataifa mbalimbali wamekuwa wakijiuliza swali moja: Je, inawezekana kuunda kifaa kidogo, mfano wa kile wanachotumia wagonjwa wa kisukari kupima sukari, kitakachotambua alama za kemikali za saratani katika tone la damu, kwenye zahanati ya kijijini?

Kwa upande wa kupima, jibu linazidi kuwa ndiyo. Kwa upande wa kuamua nani ana saratani, jibu si jepesi hivyo, na ni muhimu mwananchi aielewe tofauti hiyo kabla ya vifaa hivi kuenea madukani.

Umeme unavyoisoma kemikali

Kifaa kinachozungumziwa hapa huitwa kihisi cha umeme na kemia. Kazi yake ni kugeuza tukio la kikemikali kuwa mkondo wa umeme unaoweza kupimwa.

Ndani yake mna elektrodi, yaani vipande vidogo vya kaboni, dhahabu, fedha au platinamu vinavyopitisha umeme. Kwa kawaida huwa vitatu. Cha kwanza ndipo mahali ambapo tukio lenyewe hufanyika. Cha pili hakibadiliki, na hutumiwa kulinganishia, mithili ya jiwe la mizani. Cha tatu hukamilisha njia ya umeme ili mkondo upate kupita.

Tone la damu, mate au mkojo likiwekwa juu ya vipande hivyo, kifaa hutia nguvu ndogo ya umeme, aghalabu isiyofika volti moja. Molekuli inayotafutwa ikiifikia elektrodi ya kwanza hutoa au hupokea elektroni, nazo elektroni hizo ndizo mkondo wenyewe. Mkondo huu ni hafifu mno, wa kiasi cha sehemu ya milioni moja au hata ya bilioni moja ya ampea. Molekuli zikiwa nyingi mkondo huongezeka, na zikiwa chache hupungua.

Msingi wa elimu hii uliwekwa mjini Prague mwaka wa 1922 na Jaroslav Heyrovský, aliyevumbua njia ya kutambua kemikali zilizoyeyuka kwa kusoma mkondo wa umeme. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1959.

Hatua ya pili ilipigwa nchini Marekani. Leland Clark, ambaye mwaka wa 1956 alikuwa ameeleza elektrodi yake ya kupima oksijeni, alishirikiana na Champ Lyons mwaka wa 1962 kuonyesha kwamba elektrodi hiyo ikiwekewa kimeng'enya kinachoshughulikia glukosi, inaweza kupima sukari ya damuni. Ilipofika 1987 kifaa chenye umbo la kalamu, ExacTech, kiliingia sokoni na kumwezesha mgonjwa wa kisukari kujipima kwa njia hiyo akiwa nyumbani.

Tangu wakati huo kipima sukari kimekuwa kihisi cha aina hii kinachotumiwa zaidi duniani. Ndicho kielelezo ambacho watafiti wa saratani wanajaribu kukifuata.

Nyayo za seli za saratani

Seli ya saratani haiishi kama jirani zake. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aligundua kuwa seli za uvimbe hutumia glukosi kwa pupa na kutoa asidi ya laktiki kwa wingi, hata pale ambapo oksijeni ya kutosha ipo. Mwaka wa 1991 watafiti Ted Szatrowski na Carl Nathan walionyesha kwamba seli za aina kadhaa za saratani ya binadamu zilizokuzwa maabarani, zikiwemo za matiti, ovari na utumbo mpana, hutoa kemikali ya haidrojeni peroksaidi kwa kiasi kikubwa.

Kemikali hizo mbili zinafaa sana kwa kihisi cha umeme. Haidrojeni peroksaidi, kwa mfano, hutoa elektroni mbili kwa kila molekuli inapofika kwenye platinamu iliyotiwa nguvu ya kutosha. Ndiyo maana maabara nyingi zimeunda elektrodi za kuipima karibu kabisa na seli hai, wakati mwingine zikipakwa chembe ndogondogo za dhahabu au tabaka jembamba la kaboni ili kuongeza eneo la kupokelea elektroni.

Hata hivyo, kazi nyingi za namna hiyo zimefanywa kwa seli zilizo ndani ya vyombo vya maabara. Katika damu haidrojeni peroksaidi huvunjwa upesi na vimeng'enya vya mwili. Isitoshe, chembe nyeupe za damu nazo huitengeneza zinapopigana na viini vya maradhi. Kwa hiyo kuipata kemikali hiyo hakutoshi kusema kwamba saratani ipo.

Kundi la pili la alama ni protini ambazo hupanda damuni baadhi ya saratani zinapokua. PSA huhusishwa na tezi kibofu, AFP na ini, CA-125 na ovari, na CEA na utumbo mpana.

Protini hizi hazitoi elektroni kwa urahisi. Kwa hivyo wataalamu hutumia kingamwili, yaani protini za ulinzi ambazo kila moja hushika kitu kimoja tu kama kufuli na ufunguo wake. Kingamwili ya kwanza hugandishwa juu ya elektrodi ili iinase alama. Ya pili huja juu yake ikiwa imebeba kimeng'enya. Kimeng'enya hicho huzalisha maelfu ya molekuli zenye uwezo wa kutoa elektroni, na hivyo ishara ndogo hukuzwa hadi isikike.

Njia hii inatumika tayari hospitalini. Kifaa cha mkononi kiitwacho i-STAT hupima kwa umeme protini ya troponini, ambayo huonyesha kuwa misuli ya moyo imeumia, na hutoa jibu kwa muda wa dakika chache kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa hivyo kupima protini kwa kifaa kidogo si ndoto.

Kwa nini kikawa kidogo na cha bei nafuu

Mashine nyingi za maabara husoma majibu kwa mwanga. Zinahitaji taa maalumu, lenzi na mahali patulivu pasipo vumbi. Umeme hauhitaji hayo. Damu iwe nyekundu au mkojo uwe na uchafu, mkondo waweza kusomwa bila kujali rangi, na betri ya kawaida inatosha.

Elektrodi nazo hutengenezwa kwa kupiga chapa wino wa kaboni au wa fedha juu ya kipande cha plastiki, karibu sawa na jinsi fulana zinavyopigwa chapa. Maelfu yaweza kutengenezwa kwa mkupuo mmoja, kila kipande kikatumika mara moja na kutupwa.

Kuhusu kisomaji chenyewe, mwaka wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha michoro ya kifaa walichokiita CheapStat, ambacho vifaa vyake havikuzidi dola 80 za Marekani. Waliiacha michoro hiyo wazi ili chuo au shule yoyote iweze kujiundia.

Mwaka huo huo, Yu Xiang na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha jambo lingine la kustaajabisha. Walitumia kipima sukari cha kawaida kupima vitu visivyo sukari. Kitu kinachotafutwa kikiwapo, kilifungua kimeng'enya kilichokuwa kimefungwa kwenye uzi wa DNA, nacho kimeng'enya kikageuza sukari ya mezani kuwa glukosi. Mashine ilisoma glukosi, lakini idadi iliyotoka ilieleza wingi wa kile kitu kingine.

Sukari ni tele, alama ni haba

Kama mambo ni mepesi hivyo, mbona kifaa cha saratani hakijajaa katika kila zahanati? Tatizo la kwanza ni wingi wa kile kinachopimwa.

Katika lita moja ya damu ya mtu mwenye afya mna karibu gramu moja ya glukosi. Kiwango cha PSA ambacho kwa miaka mingi madaktari wamekitumia kama mpaka wa kutilia shaka ni nanogramu 4 kwa mililita, yaani sehemu nne za milioni ya gramu katika lita nzima. Kwa hesabu ya molekuli, kwa kila molekuli moja ya PSA mna takriban milioni 40 za glukosi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Ni sawa na kumtafuta mtu mmoja karibu katika taifa zima.

Wakati huo huo damu imejaa vitu vingine. Protini za kawaida hung'ang'ania juu ya elektrodi na kuiziba. Vitamini C, asidi ya yuriki na hata dawa ya paracetamol hutoa elektroni zao, na kifaa kisichotengenezwa kwa uangalifu huweza kuzihesabu kana kwamba ndizo alama inayosakwa.

Tatizo lingine ni hali ya hewa. Kingamwili na vimeng'enya huharibika kwa joto na unyevu. Kipande kilichofanya kazi vyema katika maabara yenye ubaridi chaweza kutoa jibu tofauti baada ya kukaa wiki kadhaa katika stoo ya Lodwar au Lamu. Kifaa kinachokusudiwa kwenda mashinani sharti kijaribiwe mashinani.

Si kila wingu huleta mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kila mkulima anajua kuwa si kila wingu huleta mvua, na hapa ndipo penye tatizo kubwa kuliko yote, ambalo hata kihisi kikamilifu hakiwezi kulitatua.

Alama nyingi zinazoitwa za saratani si za saratani peke yake. PSA hupanda mwanamume akiwa na uvimbe wa kawaida wa uzeeni katika tezi kibofu au maambukizi mahali hapo. CA-125 yaweza kupanda wakati wa hedhi, ujauzito au maradhi mengine ya uzazi. CEA huwa juu kwa baadhi ya wavutaji sigara. AFP hupanda kwa mama mjamzito na kwa mtu mwenye homa ya ini. Aidha, kuna wagonjwa wa saratani ambao alama zao hazipandi kamwe.

Matokeo yake huonekana wazi kwa hesabu. Chukulia kwamba watu 10,000 wasio na dalili yoyote wanapimwa, na 50 kati yao wana saratani fulani bila kujua. Chukulia pia kuwa kipimo ni kizuri: katika kila wagonjwa 100 kinawatambua 90, na katika kila wazima 100 kinawapa 90 jibu sahihi.

Kipimo hicho kitawatambua wagonjwa 45 na kuwaacha watano warudi nyumbani wakidhani ni wazima. Miongoni mwa wazima 9,950, kitawaambia 995 kwamba huenda wana saratani. Kwa jumla watu 1,040 watatiwa hofu, ilhali walio na maradhi kweli ni 45, yaani takriban wanne katika kila mia.

Wote hao 1,040 watahitaji uchunguzi wa kukatwa nyama na kusomwa na mwanapatholojia, yule yule ambaye tangu mwanzo alikuwa haba. Hivyo kifaa kilicholetwa kupunguza foleni chaweza kuirefusha, na mgonjwa wa kweli akajikuta nyuma ya wazima ishirini na zaidi.

Mjadala kuhusu PSA ni ushahidi wa jambo hilo. Nchini Marekani kipimo hicho kiliidhinishwa mwaka wa 1986 kwa ajili ya kuwafuatilia wagonjwa, na mwaka wa 1994 kwa kusaidia kugundua saratani. Lakini mwaka wa 2012 jopo la taifa hilo la huduma za kinga lilishauri wanaume wasipimwe kiholela, kwa kuwa wengi walitibiwa uvimbe ambao usingewadhuru. Mwaka wa 2018 jopo hilo lililegeza msimamo na kusema mwanamume wa miaka 55 hadi 69 aamue baada ya kushauriana na daktari wake.

Funzo la Theranos

Kiu ya kupata majibu ya haraka imewahi kuwaponza hata matajiri na wasomi. Kampuni ya Theranos, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 2003 na Elizabeth Holmes, ilidai kuwa ingeweza kufanya vipimo vingi vya maabara kwa matone machache ya damu ya kidole. Ilifikia kuthaminiwa kwa dola bilioni 9.

Mwaka wa 2015 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kwamba mashine zake hazikuwa zikifanya yaliyotangazwa. Kampuni ilivunjwa mwaka wa 2018. Holmes alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji Januari 2022, na Novemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11.

Kosa halikuwa kutamani kipimo cha tone moja. Kosa lilikuwa kuuza majibu kabla ya kuthibitisha kwamba ni ya kweli. Waliopokea majibu yasiyoaminika walikuwa wagonjwa wa kawaida.

Mahali kifaa hiki kinapofaa

Haya yote hayana maana kwamba vihisi hivi havina kazi. Vina kazi, iwapo vitapewa swali wanaloweza kulijibu.

Swali la kwanza ni la mgonjwa ambaye tayari anajulikana kuwa na saratani. Mwanamume aliyetolewa tezi kibofu hutarajiwa PSA yake ishuke hadi karibu na sifuri katika majuma yanayofuata. Ikianza kupanda tena, daktari hutahadhari. Hapa hakuna haja ya kubahatisha maana ya alama, kwa kuwa mgonjwa hulinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Kifaa cha kijijini kingemwokolea nauli na siku nyingi za kusafiri kwenda kliniki kwa ajili ya kipimo cha dakika chache.

Swali la pili ni la mtu mwenye dalili au hatari inayojulikana. Mgonjwa wa muda mrefu wa homa ya ini aina ya B, kwa mfano, yuko katika hatari kubwa ya saratani ya ini. Kupimwa AFP mara kwa mara, pamoja na picha ya mawimbi ya sauti, kwaweza kusaidia kuonyesha nani apelekwe mbele haraka. Kundi likiwa dogo na hatari ikiwa kubwa, majibu ya uongo hupungua.

Swali la tatu ni la chanzo. Saratani ya lango la uzazi husababishwa karibu daima na virusi vya HPV, na tangu mwaka wa 2021 WHO imependekeza kipimo cha DNA ya virusi hivyo kiwe njia kuu ya uchunguzi. Uzi wa DNA waweza kunaswa juu ya elektrodi kama protini inavyonaswa, na watafiti wanaendelea kuunda vihisi vya kazi hiyo. Faida yake ni kwamba mama akipatikana na mabadiliko ya awali, anaweza kutibiwa mapema, kabla saratani haijaanza.

Maswali ya kuuliza

Kadiri vifaa vidogo vya kupimia vinavyozidi kuwa rahisi, ndivyo watakavyotokea wafanyabiashara wa kuvitangaza kuwa vinagundua saratani zote kwa dakika moja. Mwananchi ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa pesa au damu yake.

Je, kifaa kinapima alama gani hasa, na ya saratani ipi? Hakuna alama moja inayotambua saratani zote. Je, kimejaribiwa kwa wagonjwa na wazima wangapi, na kimeidhinishwa na wasimamizi wa afya? Je, katika wazima mia, ni wangapi huambiwa kimakosa kuwa ni wagonjwa? Na je, jibu likiwa baya, mtu atatumwa wapi kuthibitishiwa?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, na halimhusu muuzaji peke yake. Linaihusu serikali kuu, inayosimamia hospitali kuu za rufaa, na serikali za kaunti, zinazosimamia zahanati. Kipima sukari kilifaulu kwa sababu anayeona sukari imepanda anajua la kufanya siku hiyo hiyo: hupunguza chakula fulani, humeza dawa au hujidunga insulini.

Kwa saratani, hatua inayofuata ni mwanapatholojia, mpasuaji, dawa na mionzi. Kila shilingi inayotumiwa kununua vihisi inahitaji nyingine ya kuwafunza na kuwaajiri wataalamu hao karibu na wananchi. Kihisi kinaweza kumwambia mama wa kijijini aende akaangaliwe. Hakiwezi kumjengea mahali pa kwenda.